Mgeni Njoo, Mpishi Naye Akae Mkekani!

Leo naomba tuongee jambo linalotusumbua wengi lakini tunaona aibu kulisema: wageni. Si kwamba hatuwapendi. Tunawapenda mno! Tatizo ni kwamba wakija tunawapikia mpaka tunasahau kukaa nao.

Nianze na langu mwenyewe, nisije nikaonekana nasema watu.

Jumapili moja alinijia shangazi yangu kutoka Ifakara. Mimi naishi Sanje, kijiji kilichoko chini ya milima ya Udzungwa, kati ya Kidatu na Mang'ula, pale penye maporomoko ya maji ambayo watalii wanapanda mlima kwenda kuyaona. Ukitoka Mikumi kwenda Ifakara lazima utupitie. Kwa hiyo wageni hatukosi. Kuna wa ndugu, kuna wa jirani, kuna wa msimu wa malipo ya miwa, na kuna wale wanaosema "nilikuwa napita tu" halafu unawaona wanavua viatu.

Nilipopata habari kwamba shangazi anakuja, nikasema moyoni, leo atanitambua. Saa kumi na mbili asubuhi jiko la kwanza limewaka, saa moja la pili. Nikapika pilau. Nikapika kuku wa kukaanga, halafu na wa mchuzi, maana yule wa kukaanga peke yake niliona kama namnyima. Ndizi za kukaanga, viazi vya kukaanga, maharage ya kuunga, sambusa, na chapati juu yake. Lita nzima ya mafuta ilikwisha kabla ya saa sita, nikamtuma mtoto dukani akachukue nyingine. Kwa mkopo.

Shangazi akafika saa nne. "Shikamoo shangazi!" "Marahaba mwanangu, hamjambo hapa?" Basi, mazungumzo yetu yakaishia hapo. Mara nageuza chapati, mara natoa kuku, mara moshi umenijaa machoni. Yeye kakaa sebuleni peke yake anatazama kalenda ukutani. Mara mbili alikuja mpaka mlangoni mwa jiko akasema, "Mwanangu, njoo ukae kidogo, nina neno." Nami nikamjibu, "Nakuja shangazi, namalizia hapa." Sikwenda. Chakula kikapakuliwa saa nane, watu wakala, mimi naongeza hiki na kuleta kile. Saa tisa na nusu shangazi akatoka barabarani, akapata gari. Neno lake akaondoka nalo.

Wiki ya pili yake ndipo binamu yangu akanieleza. Kumbe shangazi alikuwa ametoka kupimwa, presha iko juu, na daktari kamwambia apunguze chumvi na vyakula vya kukaanga. Hilo ndilo neno alilokuja nalo. Na mimi nilimlisha nini? Chumvi na vya kukaanga! Naye kwa adabu za watu wazima akala, asije akamvunja moyo mwenyeji.

Nililia jamani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa siku ile nani alipona?

KUMBE WENZETU WALISHALIONA

Tangu siku ile nikaanza kudadisi watu wengine wanawapokeaje wageni wao. Nikasoma, nikauliza, na nikajikuta nimefika mbali, mpaka kwenye Bahari ya Mediterania, kwa Wagiriki, Waitaliano, Wahispania na Walebanoni.

Usinicheke. Waitaliano si watu wa mbali sana kwetu. Pale Mang'ula, tangu mwaka 2006, kipo kituo cha kufuatilia ikolojia ya milima ya Udzungwa, kilichoanzishwa na makumbusho ya sayansi ya mji wa Trento, Italia, wakishirikiana na TANAPA. Watafiti wao wameizoea barabara yetu kama sisi.

Lakini habari ya chakula chao ni ya zamani zaidi. Mwaka 1958 Mmarekani mmoja, Ancel Keys, na wenzake walianza utafiti mkubwa katika nchi saba: Marekani, Finland, Uholanzi, Italia, Ugiriki, Yugoslavia ya wakati ule, na Japani. Walichukua wanaume zaidi ya 12,000 wa umri wa miaka 40 mpaka 59, wakawafuata kwa miaka mingi kuona nani anapatwa na ugonjwa wa moyo na anakula nini. Wanaume wa Finland, waliopenda siagi na nyama, waliumwa moyo kwa wingi. Wa kisiwa cha Krete, Ugiriki, walikuwa miongoni mwa walioumwa kidogo kabisa.

Na hao wa Krete walikuwa matajiri? Wapi! Walikuwa wakulima wa kawaida kabisa. Walikula maharage, dengu, majani ya porini, mkate, samaki, matunda na mafuta ya zeituni. Nyama ilikuwa mara chache. Keys mwenyewe alihamia kijiji kimoja cha kusini mwa Italia, akaishi huko miaka mingi. Alifariki mwaka 2004 akiwa na miaka 100. Siwezi kukuahidi miaka 100, lakini bwana yule hakuwa anabahatisha.

Lililonigusa zaidi ni hili. Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza mlo huo wa Mediterania katika orodha ya urithi wa utamaduni wa dunia. Na hawakusifia samaki na mafuta peke yake. Walisifia pia ile desturi ya watu kukaa pamoja, kula polepole na kuzungumza. Yaani kule kukaa na mgeni wako nako ni sehemu ya mlo. Nikamkumbuka shangazi na kalenda yake.

SASA GEUZA MACHO UTAZAME SANJE

Najua unachosema: "Mwandishi, mafuta ya zeituni tutayatoa wapi na bei ile?" Wala usihangaike. Tuna mafuta ya alizeti na tuna ufuta. Mafuta ya alizeti na ya ufuta hayagandi ovyo, na kwa moyo ni bora kuliko yale yanayoganda kama sabuni asubuhi ya baridi. Shida yetu haiko kwenye aina tu, iko kwenye wingi. Sisi tunamimina, wenzetu wanapima kwa kijiko.

Vingine vyote tunavyo mlangoni. Nyanya, vitunguu, hoho na biringanya viko sokoni. Ndimu zipo. Kunde na choroko zipo. Samaki wa mto Kilombero, perege na kambale, wanakuja na baiskeli asubuhi. Mchele sina haja ya kuutangaza, Dar es Salaam nzima inaujua mchele wa Ifakara. Hata yale majani machungu ya porini wanayoyasifia Wagiriki, sisi tuna mchunga, tunaukanyaga njiani tukienda kununua kabichi.

Tena bibi zetu walikula hivi hivi. Samaki wa kuchemsha, mboga ya majani, kunde, ndizi, matunda ya porini. Hii tabia ya kila kitu kukaangwa na kila mchuzi kuelea mafuta imekuja na sisi.

Na lipo la kuni. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992. Kwa miaka mingi akina mama wa vijiji vya kandokando waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni zilizokauka. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikasitishwa. Msitu ule ndio unaotupa maji, na ndani yake wamo wanyama wasiopatikana kwingine, kama yule mbega wetu, niwieni radhi, si mbega, ni ngolaga wa Sanje, aliyetambuliwa na wataalamu mwaka 1979. Kwa hiyo msitu tuulinde. Lakini moto nao tunauhitaji, na sasa kila kipande cha kuni au mkaa kina bei yake. Serikali mwaka 2024 ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Ni jambo jema. Ila hata ukiwa na gesi, mtungi unakwisha! Anayepika vitu saba vya kukaanga anachoma hela. Anayepika sufuria moja pana na kutumia makaa yanayobaki, huyo ndiye mjanja.

HAYA, TWENDE JIKONI

Ninayokupa hapa ni meza ya watu sita. Mafuta yote hayafiki robo lita.

1. Samaki wa maji kichaa

Wavuvi wa pande za Naples, Italia, wana samaki wao wanamwita wa "maji kichaa". Sisi tuna pilipili kichaa, wao wana maji kichaa, tunaelewana. Samaki anaiva ndani ya maji kidogo, nyanya, kitunguu saumu na mafuta, hakaangwi kabisa.

Chukua perege 6 wa wastani, au kambale mmoja mkubwa umkate vipande. Nyanya 6, vitunguu maji 2, punje 5 za kitunguu saumu, hoho 1, ndimu 2, mafuta ya alizeti vijiko 4 vya chakula, maji kikombe 1, chumvi nusu kijiko cha chai, na majani ya giligilani ukiyapata.

Paa samaki, toa matumbo, osha vizuri. Kama ni kambale, msugue kwa ndimu mpaka ule utelezi utoke. Mnyunyizie chumvi na ndimu moja, muweke pembeni.

Bandika sufuria pana. Tia mafuta na kitunguu saumu ulichokatakata. Kikianza kunukia tu, kabla hakijabadilika rangi, tia vitunguu, hoho na nyanya. Funika dakika 10 nyanya zilainike. Mimina maji, yakichemka mlaze samaki juu yake, asipandane na mwenzake. Funika tena. Perege dakika 15 zinamtosha, kambale mwache mpaka dakika 25. Usimkoroge! Shika sufuria kwa vitambaa uitikise. Ukiepua, kamulia ndimu ya pili na umwagie giligilani. Anayetaka pilipili awekewe nzima nzima pembeni.

2. Biringanya za makaa na ufuta

Hiki ni chakula cha Walebanoni, Wasiria na Wapalestina. Kinapikwa kwa moto unaobaki, yaani bure.

Biringanya 3 kubwa zitoboe toboe kwa kisu zisipasuke, halafu zilaze juu ya makaa. Geuza geuza mpaka ngozi iungue kuwa nyeusi na ndani pawe laini tepetepe. Usiogope huo weusi, unamenywa. Wakati zinapoa, kaanga ufuta vijiko 4 vya chakula kwenye kikaango kikavu bila mafuta mpaka unukie, kisha utwange kwenye kinu mpaka ulegee na kuanza kutoa mafuta yake. Menya biringanya, ziponde kwa mwiko, changanya na ufuta, punje 1 ya kitunguu saumu iliyotwangwa, ndimu 1, chumvi ya kuonjea na mafuta kijiko 1. Basi! Wao wanachovyea mkate. Sisi tutachovyea muhogo wa kuchemsha, au tutaweka pembeni ya wali.

3. Kunde za kachumbari

Kunde vikombe 2 loweka usiku, chemsha asubuhi na mapema mpaka ziive lakini zisipondeke. Chuja. Zikiwa bado na joto zitie ndimu 1 na mafuta vijiko 2, ndio zinyonye ladha. Zikipoa changanya na kitunguu kilichokatwa vyembamba, nyanya 2, na tango kama lipo. Haziungwi na wala hazihitaji moto tena.

4. Mchunga wa ndimu

Chambua, osha, chemsha dakika chache, mwaga maji ya kwanza kama hupendi uchungu, chemsha tena kidogo. Kamua maji, tia mafuta kijiko 1 na ndimu. Kama mchunga hakuna, tumia matembele au mchicha, lakini hivyo usivichemshe mara mbili, vitaisha kabisa.

5. Wali mweupe na matunda

Wali upike mkavu, chumvi kidogo sana. Mchele wetu una harufu yake, hauhitaji kufunikwa na viungo. Mwisho weka sinia la matunda ya msimu, embe, papai, ndizi au nanasi, na maji ya kunywa ya baridi. Soda iache dukani.

SIRI NI RATIBA

Jana yake usiku loweka kunde. Asubuhi chemsha kunde, na makaa yake yakififia ndipo uweke biringanya. Saa nne kunde ziko tayari zimefunikwa, biringanya ziko tayari, mboga imechambuliwa. Unaoga, unavaa khanga safi, unakaa.

Mgeni akifika unamkuta naye mkekani. Mnasalimiana mpaka salamu ziishe zenyewe. Wali na samaki unavibandika wakati mnazungumza, nusu saa vimekwisha. Tena kama ni mtu wa ndani, mpe kisu na nyanya akusaidie kukata. Usione haya. Mtu anayekukatia nyanya ameacha kuwa mgeni, amekuwa wa nyumbani, na maneno yanatoka kirahisi mikono ikiwa na kazi.

Na ninyi akina baba msijifiche nyuma ya gazeti. Huko Valencia, Hispania, wali wao mashuhuri wa paella unapikwa Jumapili nje kwenye moto wa kuni, na mara nyingi wanaosimama motoni ni wanaume. Hakuna aliyepungukiwa ndevu.

"SI WATASEMA NIMEBANIA?"

Hapa ndipo penye kazi, msomaji wangu. Tunaogopa maneno. Tunaogopa mtu akirudi kwao aseme, "Nilikwenda pale, hata kuku sikuchinjiwa." Kwa hofu hiyo tunakopa mafuta, tunachinja jogoo wa mbegu, na watoto wanakula ugali kwa chumvi wiki nzima baada ya mgeni kuondoka. Ukarimu gani huo?

Kama mila yenu inadai kuku, mchinje. Lakini mchemshe na nyanya na hoho kwa mtindo ule ule wa samaki, mara moja, sufuria moja. Heshima ya mgeni haipimwi kwa idadi ya sahani. Shangazi yangu alihesabiwa sahani nane na akaondoka hajasikilizwa.

Na kwa wenye presha na sukari, nisieleweke vibaya. Chakula hiki si dawa, na dawa za daktari usiziache hata siku moja. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hapo wanahesabu chumvi yote, pamoja na ile iliyojificha kwenye vile viungo vya paketi na vidonge vya supu. Ndimu, kitunguu saumu na giligilani vinasaidia ulimi usiitafute. Na siku hizi ni nyumba gani isiyo na mtu wa presha? Mara nyingi yumo na wewe hujui, kwa sababu anakuja kukuambia na wewe unageuza chapati.

SHANGAZI ALIRUDI

Nilimpigia simu nikamwomba msamaha. Akacheka tu, "Mwanangu, mbona ulinilisha vizuri." Nikamwambia aje tena.

Alikuja Jumamosi. Nilitandika mkeka chini ya mwembe, kunde na biringanya zikiwa tayari. Nikampa kisu, akakata nyanya. Samaki akaiva tukiwa tunaongea. Alikula, akaomba biringanya mara ya pili, akauliza zile mbegu ni za nini, akashangaa kusikia ni ufuta ule ule anaoulima mwenyewe na kuuza wote.

Alianza kunieleza habari za hospitali, za dawa anazomeza, na jinsi anavyoogopa usiku akiwa peke yake. Habari hizo hakuwahi kumwambia hata binamu. Gari la saa tisa likapita, likapita na la saa kumi. Akalala kwangu siku mbili.

Haya mpenzi msomaji, Jumapili hii jaribu hata kimoja kati ya hivyo, halafu ukae. Tukijaliwa tutakutana tena hapa hapa wiki ijayo. Jioni njema, na usisahau kuloweka kunde!